Sauti ya Mzee Hairudiwi: Kurekodi Vizuri Nje ya Studio

Tukipewa kazi ya video, wengi wetu swali la kwanza ni kamera. Maiki tunaikumbuka mwishoni. Lakini picha yenye giza kidogo mtu ataivumilia. Maneno yasiyosikika, nani atayavumilia? Neno likishafunikwa na upepo, hakuna programu ya kulirudisha kama lilivyosemwa.

Tuchukue mfano. Umekwenda Goweko, wilaya ya Uyui, kwenye Reli ya Kati mashariki ya Tabora. Mzee anasimulia aliyoyasikia kwa babu yake kuhusu wapagazi wa Kinyamwezi na misafara ya pwani, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Simulizi hiyo huenda haimo kwenye kitabu chochote cha Historia. Ukiiharibu, mwakani unaweza usimkute.

Kwanza, chagua mahali kwa masikio. Fumba macho dakika moja usikilize: mashine ya kusaga, redio ya jirani, kuku. Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji kina mwangwi, na bati lisilo na dari mvua ikianza, kazi imekwisha. Kama hali ya hewa ni shwari, kaeni chini ya mwembe, upande uliokingwa na upepo. Waulize wenyeji treni hupita saa ngapi.

Pili, sogea. Nje, umbali ukiongezeka mara mbili, sauti ya msemaji inashuka kama desibeli 6, ila kelele za pembeni zinabaki vilevile. Ndiyo maana simu ya kawaida iliyo sentimita 30 kutoka kinywani inaweza kuishinda maiki ya bei mbaya iliyo juu ya kamera, mita 3 mbali. Basi tumia simu mbili: moja ichukue picha, nyingine irekodi sauti karibu na mzee, mtandao ukiwa umezimwa. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni, litakusaidia kuoanisha sauti na picha.

Tatu, angalia kipimo. Kama programu yako inaonyesha desibeli, sauti ya juu kabisa iwe karibu na -12. Ikigonga 0 inapasuka. Mzee akicheka au akiimba sauti hupanda ghafla, kwa hiyo acha nafasi. Vaa hedifoni, sikiliza kipande cha majaribio kabla hamjaanza.

Nne, omba ruhusa na ueleze rekodi itakwenda wapi. Sisi tumezoea kuitikia "eeh" kwa heshima. Mwambie mapema kwamba utaitikia kwa kichwa, asije akadhani umechoka kumsikiliza.

Mwisho, kabla ya kuondoka, rekodi ukimya wa mahali hapo sekunde 60, wa kuzibia mapengo wakati wa kuhariri. Usiku huohuo nakili faili sehemu mbili, na nakala moja iachie familia.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake akirekodi nyimbo, na mpaka leo zinasikika. Kifaa chako wewe kinaingia mfukoni.