Noti za Jeshi Nchini Ujerumani, 1944–1948: Namna ya Kusoma Chanzo cha Historia

Watahiniwa wengi wakitakiwa kutaja vyanzo vya historia huorodhesha masimulizi, akiolojia, nyaraka na makumbusho bila taabu. Swali likiendelea na kuwataka waeleze chanzo kimoja kinatuambia nini, ndipo kalamu inaposita. Hapa tutachukua chanzo kimoja tu, tena cha kutosha mfukoni: noti ya marki iliyotolewa na majeshi ya Washirika kwa matumizi ya Ujerumani.

Jeshi linapoikalia nchi nyingine huhitaji fedha ya kuwalipa askari na kununua mahitaji. Waingereza walipowaondoa Waitalia Eritrea na Somalia mwaka 1941, walitumia huko shilingi ya Afrika Mashariki, ileile iliyotumika Nairobi na Dar es Salaam. Kwa Ujerumani, Washirika waliandaa noti mpya kabisa, zilizoanza kutumika mwaka 1944 vita ikiwa bado inaendelea. Zilikwenda sambamba na marki za zamani, kwa thamani sawa.

Sasa itazame noti yenyewe. Haina picha ya kiongozi, haina saini ya gavana, wala haina jina la benki. Imeandikwa kwa Kijerumani kwamba ni ya Mamlaka ya Kijeshi ya Washirika na kwamba imetolewa itumike Ujerumani, na imewekwa mwaka 1944. Kabla hujafungua kitabu chochote umeshajua jambo kubwa: aliyetoa fedha hii ni jeshi, si dola ya Wajerumani.

Wakusanyaji wa noti huenda mbele zaidi, huangalia namba. Noti nyingi zilichapwa Marekani, mjini Boston. Mwaka 1944 Marekani iliwapa Wasovieti nakala za mabamba ya kuchapia ili wajichapie zao. Namba za noti zilizochapwa na Wasovieti huanza na kistari, na zile za Marekani hazina kistari hicho. Mkusanyaji hupenda noti safi isiyokunjwa. Mimi ningempa mwanafunzi iliyochakaa, maana imepita mikononi mwa watu.

Kistari hicho kina uzito wake. Wasovieti walichapa kwa wingi na kuwalipa askari wao malimbikizo ya mishahara kwa noti hizi. Askari hao hawakuweza kuzibadilisha ziwe rubo, hivyo walizitumia hapohapo Ujerumani. Askari wa Marekani walikuwa na saa na sigara za kuuza, na wao waliruhusiwa kubadilisha marki kuwa dola, marki 10 kwa dola 1. Soko la magendo likashamiri Berlin. Fedha zilizotumwa Marekani zikazidi mishahara ya askari wenyewe, na hasara ya mamilioni ya dola ikaangukia hazina ya Marekani. Raia wa Ujerumani alikuwa na noti nyingi na bidhaa chache madukani, akaona heri sigara kuliko marki.

Tarehe 20 Juni 1948 kanda za Marekani, Uingereza na Ufaransa zilianzisha Deutsche Mark. Siku tatu baadaye Wasovieti walitangaza fedha yao kwa ukanda wa mashariki, na kwa kuwa noti mpya hazikuwa tayari, walibandika stempu juu ya noti za zamani. Tarehe 24 Juni njia za nchi kavu na za maji za kuingia Berlin Magharibi zikafungwa. Zilifunguliwa Mei 1949, na kabla mwaka huo haujaisha kulikuwa na Ujerumani mbili.

Hapa ndipo alama zinapopotea. Usiandike kwamba noti za jeshi zilisababisha Vita Baridi. Mgogoro huo ulikuwa na sababu nyingi: itikadi, usalama wa mipaka, fidia za vita. Noti ni ushahidi. Inaonyesha kwamba wakubwa hao walianza na fedha moja, wakashindwa kukubaliana nani achape na kwa kiasi gani, wakaishia na fedha mbili. Mtahiniwa anayeandika "noti hii inaonyesha kwamba…" yuko salama zaidi kuliko anayeandika "noti hii ilisababisha…".

Kumbuka pia udhaifu wa chanzo. Noti haisemi ilinunua mikate mingapi, wala aliyeishika alijisikiaje. Kwa hayo utahitaji masimulizi na kumbukumbu za bei.

Maswali ya kujipima

1. Taja mambo mawili unayoweza kuyajua kwa kuitazama tu noti ya jeshi ya mwaka 1944.
2. Kwa nini noti za aina moja zilileta hasara kwa Marekani lakini si kwa Wasovieti?
3. "Mgawanyiko wa Ujerumani ulionekana kwenye fedha kabla ya kuonekana kwenye katiba." Jadili kwa kutumia matukio ya Juni 1948 hadi Oktoba 1949.