Kamera ya Kazi Nyumbani: Linda Afya, Linda Heshima

Tangu ugonjwa wa korona ulipoingia nchini mwaka 2020, watu wengi wamezoea kufanyia kazi nyumbani. Leo mkazi wa Matisi, Kitale, anaweza kumfundisha mwanafunzi aliye ng'ambo au kuhudhuria mkutano wa Nairobi bila kupanda matatu. Hata hivyo, wapangaji wengi wana chumba kimoja tu, na humo humo ndimo kitanda, jiko na watoto. Kamera ikifunguliwa, mkubwa wa kazi huingia ndani bila kubisha hodi.

Je, jambo hili linahusu nini afya?

Mwaka 2021 Profesa Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alieleza sababu nne za uchovu wa vikao vya video. Nyuso huonekana karibu mno na zinakukodolea macho. Unajitazama mwenyewe kama mtu aliyewekewa kioo siku nzima. Unakaa kitako bila kujinyoosha. Tena, akili hufanya kazi ya ziada kusoma na kutoa ishara ambazo ana kwa ana huja zenyewe.

Mwaka huo huo, utafiti uliofanyiwa wafanyakazi 103 kwa wiki nne nchini Marekani ulionyesha kwamba kufungua kamera kulihusiana na uchovu zaidi. Walioathirika zaidi ni wanawake na wafanyakazi wapya, yaani wale wale wanaoogopa kuomba ruhusa ya kuifunga.

Lipo pia suala la heshima. Mama mgonjwa aliyelala kitandani au mtoto anayeogeshwa hakuajiriwa na kampuni yako. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda habari zinazomtambulisha mtu, picha zikiwemo. Huko Uholanzi, mwaka 2022, mahakama iliamuru kampuni ya Kimarekani imlipe fidia mfanyakazi iliyemfuta kwa kukataa kuacha kamera wazi siku nzima. Hukumu hiyo haizibani mahakama za Kenya, lakini ni funzo kwa waajiri.

Msomaji, zingatia haya:

1. Keti ukiwa umeupa ukuta mgongo. Ikiwa kitanda kiko nyuma yako, tundika shiti au pazia.

2. Waarifu wa nyumbani saa ya kikao kabla hujaanza. Mgonjwa au mtoto asionekane kamwe.

3. Ficha picha yako mwenyewe kwenye skrini, kisha sogeza tarakilishi hadi urefu wa mkono.

4. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Pepesa macho, simama na ujinyooshe.

5. Kikao kikiisha, funga programu na uzibe kamera kwa kipande cha karatasi. Usitegemee taa yake pekee. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba kamera za baadhi ya tarakilishi za zamani za Apple ziliweza kuwashwa bila taa kuwaka. Kumbuka pia kwamba karatasi haizuii sauti, hivyo zima kipaza sauti.

6. Zungumza na msimamizi wako mapema. Pendekeza kamera ifunguliwe wakati wa salamu na unapozungumza, kisha ifungwe unaposikiliza. Uliza pia kama kikao kinarekodiwa, na ni nani atakayeitazama rekodi hiyo.

Ukiona kichwa kinauma mara kwa mara, macho yanawasha au huoni vizuri hata baada ya kupumzika, usinunue dawa ya macho dukani kwa kubahatisha. Nenda hospitali ukapimwe.

Nawe mwajiri, mpime mfanyakazi kwa kazi aliyoifanya. Uso wake kwenye skrini hauonyeshi kwamba kazi imekwisha.