Krimu ya Ganzi Haina Haraka

Mfamasia anajibu maswali ya wasomaji wa Voi, Wundanyi, Mwatate na Taveta.

Natoka Wundanyi na mwanangu wa miaka mitano kwenda kutolewa damu katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, Voi. Naweza kumpaka krimu ya ganzi kabla hatujapanda matatu?

Unaweza, mama, lakini muulize kwanza muuguzi atachoma wapi. Ukipaka kiwikoni na mshipa upatikane mgongoni mwa kiganja, umepaka bure. Krimu iliyozoeleka ina lidokeni asilimia 2.5 na prilokeni asilimia 2.5. Ipake nene bila kusugua, uifunike kwa plasta isiyopitisha hewa, ikae saa moja kamili. Hapo ganzi hufika kina cha milimita 3 hivi. Kwa saa mbili, milimita 5. Andika saa ya kupaka juu ya plasta yenyewe, maana foleni haina adabu: mtoto wa umri huo asikae nayo zaidi ya saa nne, hata kama hajaitwa. Ngozi ikipauka au ikiwa nyekundu kidogo, usishtuke.

Wangu ana miezi saba na anatumia Septrin.

Basi usimpake. Prilokeni yaweza kuifanya damu ishindwe kusafirisha oksijeni, na dawa za salfa kama Septrin huongeza hatari hiyo, hasa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Dapsoni na primakwini nazo huongeza hatari hiyo. Taveta kuna jambo jingine la kuangalia. Malaria ni mwenyeji wa zamani huko (miaka ya 1950 nyumba zilipulizwa dawa ya dieldrini kuanzia Pare hadi Taveta), na palipo na malaria ya vizazi ndipo watu wengi hurithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Wenye upungufu huo nao hudhurika upesi. Dalili ya damu kushindwa kusafirisha oksijeni ni rangi ya kijivu au samawati. Kwa ngozi zetu itafute kwenye ulimi, ndani ya midomo na chini ya kucha. Ukiiona, futa krimu na umkimbize hospitali.

Kama ni chanjo tu, mnyonyeshe wakati anachomwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri hivyo mwaka 2015, na maziwa yako hayana bei.

Nafanya kazi shamba la mkonge. Mwiba ukiniingia, nipake ndipo niuchokoe?

La. Krimu hii ni ya ngozi nzima. Penye jeraha dawa huingia damuni upesi kupita kiasi. Nenda zahanati wakuchome sindano ya ganzi, wautoe, na uulizie chanjo ya pepopunda.

Na saluni, kabla ya kunyoa nywele za miguu kwa leza?

Hili ndilo linalonitisha. Februari 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wanawake wawili, wa miaka 22 na 25, kufariki. Walikuwa wamejipaka krimu kali za kuchanganywa miguuni, wakazifunga kwa plastiki. Mdomo ukifa ganzi, masikio yakivuma au kizunguzungu kikija, ondoa krimu yote mara moja na utafute daktari.

Niihifadhi wapi?

Chini ya nyuzi 30, ambazo Voi huzipita mchana kwa urahisi. Dirishani hapafai, wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Na ununue duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, tyubu ikiwa na tarehe ya mwisho inayosomeka.