JE, KITU CHA BURE HAKIIBIWI?

 

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, somo hili limetokana na suali lililoletwa darasani. Kijana mmoja alichukua mfumo wa simu unaotolewa bure, akaurekebisha mpaka simu ya zamani ya babake ikafanya kazi tena. Akampa mwenzake nakala. Mwenzake akafuta jina lake, akaandika la kwake, kisha akawa anawawekea watu mjini kwa pesa. Wa kwanza akasema ameibiwa. Wa pili akajibu kuwa kitu cha bure hakiibiwi.

Tuanze na hilo neno “bure”. Mfumo wa Android ulitolewa mwaka 2008, na maandishi yake yakawekwa wazi kwa leseni iitwayo Apache. Leseni hii inamruhusu mtu kunakili, kubadilisha, kugawa na hata kuuza. Lakini ina masharti: majina ya wenye haki yaliyomo yasifutwe, nakala ya leseni iambatane, na aliyebadilisha faili aeleze humo kuwa amelibadilisha. Kiini cha mfumo huo ni Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na tangu 1992 imo chini ya leseni ya GPL iliyoasisiwa na Richard Stallman. Hii ni kali zaidi. Ukibadilisha ukatumia mwenyewe nyumbani, hudaiwi kitu. Ukimpa mwengine, basi huna budi kumwezesha kupata na maandishi yenyewe, pamoja na ruhusa ile ile uliyopewa wewe. Kwa hiyo “bure” hapa si mali iliyotupwa njiani, bali ni ruhusa ya mwenyewe, na mwenyewe ameweka masharti.

Kisa kinachofanana na chetu kilitokea Marekani mwezi wa Septemba 2009. Steve Kondik, aliyejulikana kwa jina la Cyanogen, alikuwa akitengeneza mfumo wa Android uliorekebishwa na kuugawa kwa wapenzi wa simu. Google wakamwandikia barua ya kumtaka aache. Wengi walikasirika, wakauliza mfumo ulio wazi unakatazwaje. Lakini barua haikuhusu mfumo wenyewe. Ilihusu programu za Google zilizokuwa ndani ya kifurushi chake, kama Gmail, YouTube na duka la programu, ambazo hazikuwemo katika ruhusa ile. Suluhu ikawa nyepesi: akazitoa, na kila mwenye simu akawa anahifadhi zile zilizokuja na simu yake na kuzirudisha mwenyewe. Kazi yake ikaendelea mpaka mwisho wa 2016, na LineageOS iliyoirithi hadi leo hutolewa bila ya programu hizo.

Sheria yetu inasemaje? Aya ya kwanza ya Suratul Maida inawaamrisha walioamini kutimiza mikataba, na imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) kuwa Waislamu hufungwa na masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Wako baadhi ya wanavyuoni wa Bara Hindi walioona kuwa haki ya kunakili si mali ya kuuzwa. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha tano mjini Kuwait, Disemba 1988, lilipitisha kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivuka. Sheria za nchi zetu nazo zinazilinda programu za kompyuta: Tanzania Bara kwa sheria ya 1999, Kenya kwa ya 2001 na Zanzibar kwa ya 2003.

Ama kufuta jina, sisi watu wa madrasa tungeona uzito wake mapema kuliko wengine. Ustadh hasomeshi kitabu bila ya kutaja amekisoma kwa nani. Mwenye kuikata sanadi akajifanya yeye ndiye asili, tungemwitaje?

Basi kijana wa pili alikosa, wala kosa lake halikuwa kuuza, kwani leseni zote mbili zinaruhusu kuchukua pesa. Kosa ni lile jina, na kuwaficha wateja kuwa wana haki ya kupata maandishi. Isitoshe, mtu akikupa simu uibadilishe mfumo, amekuamini na picha za familia yake na pesa zake za simu. Anastahiki kujua ni nani aliyegusa nini humo ndani.

Tulipokifungua kile kifurushi tukakuta jambo jengine. Mlalamikaji naye alikuwa ametia ndani programu za Google, pamoja na mchezo wa kununuliwa ambao hakuununua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema aliviweka ili kumsaidia mwenzake.

Vimetolewa vyote viwili, na jina lake limerudishwa mahali pake. Pesa alizolipwa mwenzake hatukumtaka azirejeshe, kwa kuwa zilikuwa ujira wa kuwawekea watu mfumo. Lakini amewapitia wateja wake mmoja mmoja kuwaeleza, na wawili kati yao wameomba simu zao zirudishwe kama zilivyokuwa.