Kwa Nini Mtungi wa Udongo Hupoza

Kamati kadhaa za parokia zimetuuliza kama inafaa kuwaomba wafadhili fedha za jokofu la udongo, yaani mtungi mdogo ndani ya mtungi mkubwa, na katikati mchanga uliolowa. Kabla ya kujibu, tuangalie jinsi linavyofanya kazi.

Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno, nazo hazitulii. Katika kitu kigumu kama jiwe zimebanana, kila moja ikitetemeka mahali pake. Katika kimiminika zinagusana lakini zinapishana, ndiyo maana maji hufuata umbo la chombo. Katika gesi zimeachana, zinaruka huku na huko kwa kasi. Joto likiongezeka, mwendo huongezeka.

Hata hivyo, chembe za maji hazina kasi moja. Zilizo juu zenye kasi kubwa huponyoka na kuwa mvuke, hata kama maji hayajachemka. Zinazobaki ni zile za mwendo wa pole, na hapo maji yamepoa. Mtungi wa bibi zetu hufanya hivyo hivyo: maji hupenya vitundu vya udongo, hufika nje, hukauka na kuondoka na joto. (Mtungi uliopakwa rangi ya mafuta unapendeza sebuleni, ila haupozi, kwa kuwa vitundu vimezibwa.) Joto linaloondoka si dogo. Kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji joto zaidi ya mara 5 ya lile la kuyatoa nyuzi 0 hadi 100.

Mohammed Bah Abba, mwalimu kutoka ukoo wa wafinyanzi kaskazini mwa Nigeria, alieneza mitungi hiyo miaka ya 1990 na kupata Tuzo ya Rolex mwaka 2000. Lakini kaskazini mwa Nigeria hewa ni kavu kwa miezi mingi. Dodoma na Singida wakati wa kiangazi hali ni kama hiyo, na mchicha na nyanya zitafaidika. Tanga wakati wa masika hewa imejaa mvuke; chembe zinazorudi kwenye maji hukaribia kulingana na zinazotoka, na mtungi hupoza kidogo sana. Kwa parokia za pwani, hatushauri mradi huu.

Jambo jingine tunalisema kwa msisitizo: zahanati isitunze chanjo humo. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na mtungi haushuki kiasi hicho katika hali yetu ya hewa.

Kamati zilizo sehemu kavu zianze na mtungi mmoja kivulini, penye upepo, mchanga ukilowanishwa asubuhi na jioni. Pimeni joto la ndani na la nje kila siku saa nane mchana kwa wiki mbili, mkaambatishe vipimo hivyo kwenye maombi yenu.