Mwalimu wa Bagamoyo Katika Mji wa Berlin

Mwaka wa 1900 mtu mmoja wa pwani, jina lake Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliondoka kwao Bagamoyo akasafiri mpaka Berlin, mji mkuu wa Udachi. Hakwenda kutembea wala kuuza pembe. Alikwenda kufanya kazi ya ualimu, kuwafundisha Kiswahili Wadachi waliojitayarisha kuja huku. Maana zamani zile nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika ilikuwa mikononi mwao.

Mtu wa pwani akifika nchi ile, watu na nyumba humshangaza, lakini jua humshangaza zaidi. Bagamoyo jua halina hila. Huchomoza karibu na saa kumi na mbili, na hutua karibu na saa kumi na mbili, mwaka mzima. Siku ndefu kuliko zote haiipiti siku fupi hata kwa saa moja. Ndiyo sababu sisi huanza kuhesabu saa zetu jua likipanda. Lakini Berlin, mwezi wa Desemba, saa moja ya asubuhi bado ni giza, na kabla ya saa kumi ya jioni jua limekwisha kutua. Mwalimu hutoka nyumbani kwa taa, hurudi kwa taa. Kisha mwezi wa Juni mambo hugeuka: jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja ya alfajiri, wala halitui mpaka karibu na saa tatu na nusu za usiku. Watoto hulazwa, na nje kungali kweupe!

Mkitaka kujua sababu yake, twaeni chungwa, mlichome kijiti katikati, mkalishike mbele ya taa usiku. Msikisimamishe kijiti wima, kiinamisheni kidogo kuielekea taa, kisha lizungusheni chungwa polepole. Mtaona ya kuwa upande wa juu hukaa katika nuru muda mrefu, na upande wa chini hukaa gizani. Bali mahali pa katikati, hapo palipo kama kiuno cha chungwa, hupata nuru na giza sawasawa. Dunia nayo imeinama vivyo hivyo. Sisi tunakaa karibu na kiuno, na Berlin iko mbali upande wa kaskazini. Miezi sita ikipita, dunia huwa imefika upande wa pili wa jua, na kaskazini ndiyo iliyo gizani.

Tena Wadachi hawahesabu saa kama sisi. Wao huanza usiku wa manane, na tena adhuhuri. Mdachi akisema, “Njoo saa mbili,” mgeni asiyejua atafika asubuhi na mapema, na mwenyeji wake anamngoja baada ya chakula cha mchana. Katika kosa hili hakuna aliyesema uwongo.

Baridi nayo ina mambo yake. Pumzi hutoka kinywani kama moshi. Nguo zilizofuliwa zikianikwa nje hukakamaa kama ubao, hata shati huweza kusimamishwa peke yake. Na mwaka wa 1902 mji ule ulifunguliwa njia ya magari ya umeme, ambayo mahali pengine hupita juu ya nguzo, na pengine huingia chini ya ardhi kama fuko.

Mambo hayo yote mtu huyazoea. Lililokuwa zito ni jingine. Bagamoyo mwalimu huamkiwa kwa heshima, hata na watu wazima. Berlin walikuwako wanafunzi wasiotaka kumpa mtu mweusi heshima ya mwalimu, ingawa walikaa mbele yake ili wapate elimu yake. Hata hivyo alifanya kazi kubwa. Kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli kilipigwa chapa mwaka wa 1903, na mengi yaliyomo aliyaandika yeye: habari za kuzaliwa na kuoa, za ngoma na mazishi. Wengi wetu tungekuwa hatuyajui leo kama asingaliyaandika.

Mwaka wa 1904 alioa mwanamke wa Kidachi, na mwaka uliofuata wakapanda meli pamoja kurudi kwao mume. Safari ile ni ndefu, lakini meli ikafika salama Dar es Salaam. Minazi ilionekana. Bagamoyo haikuwa mbali, mwendo wa siku mbili au tatu kwa miguu. Ndipo wakubwa wa serikali ya Wadachi walipowakataza kushuka, kwa kuwa mume alikuwa mweusi na mke mweupe. Huko Udachi ndoa yao ilikubaliwa na sheria. Hapa, katika nchi aliyozaliwa, haikukubaliwa.

Wakarudi Udachi. Huko Mtoro aliendelea kutafuta riziki yake kwa kufundisha na kuwasimulia watu habari za Waswahili, mpaka alipokufa mwaka wa 1927. Bagamoyo hakuiona tena.