Kuvalisha Video ya Wimbo Mtaani Kuze

Wimbo uko tayari. Kuna mwenzenu mwenye simu ya kamera nzuri, mwalimu amekubali, na mmeamua kurekodi Kuze, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa, kwa sababu kuta, milango na vichochoro vipo bila kulipia seti. Vizuri. Sasa weka simu chini, chukua daftari, upange nani ataonekana na atavaa nini.

Video ya dakika tatu haimpi mtu nafasi ya kujieleza. Nguo ndiyo itakayomweleza. Na watazamaji wako wa kwanza ni watu wa Mji wa Kale, ambao wanasoma nguo haraka kuliko wanavyosoma gazeti. Nyanya aliyeketi dirishani atajua kwa kutupa jicho moja tu kama ile kanzu ni ya harusi, ya Ijumaa au ya kwendea Marikiti. Ukimkosea yeye, usitarajie kumpata mtu wa mbali.

Anza na maneno ya wimbo. Yaandike yote, upige mstari chini ya kila mtu anayetajwa. Kisha punguza. Wahusika watatu wanatosha. Waliobaki wote ni kundi. Ukiweka saba, mtazamaji hatamkumbuka hata mmoja, nawe utakuwa na nguo saba za kutafuta, kufua na kurudisha.

Kila mmoja wa wale watatu mwandikie mambo matatu. Anataka nini? Wimbo ukianza yuko vipi? Ukiisha yuko vipi? Basi. Habari za utotoni mwake hazitaonekana kwenye picha, usijisumbue nazo. Na kama hali yake haibadiliki toka mwanzo hadi mwisho, huyo si mhusika. Mpeleke kwenye kundi.

Tuseme wimbo wenu ni wa kijana wa Kuze aliyekwenda Uarabuni kutafuta kazi. Mama anamngoja. Dadake mdogo amebaki na masomo na kazi za nyumba. Ni habari ambayo mtaani haihitaji kufafanuliwa, na ndiyo maana inafaa kwa video fupi.

Kijana mwanzoni mvalishe kikoi, fulana iliyopauka na ndara. Akirudi, kanzu mpya iliyopigwa pasi. Lakini kanzu ipi? Hapo ndipo wengi huanguka. Kanzu ya Kiomani haina kola, na shingoni ina kishada kifupi. Ya Imarati pia haina kola, ila kishada chake ni kirefu, kinashuka kifuani. Ya Saudia ina kola, na mara nyingi mikono yake hufungwa vifungo kama shati. Ukiimba kwamba amerudi kutoka Jeddah huku kishada cha Maskati kinaning'inia, watu wa baraza watakucheka kabla hujafika kiitikio. Kwa hiyo amua kwanza kijana alikuwa wapi, ndipo uende kwa ami yako kuazima. Mwambie wazi unatafuta ya wapi. Kofia ya mkono iliyoshonwa viua nayo ukiipata, ibebe ndani ya sahani au kikapu kigumu. Usiikunje ukaitia mfukoni. Kazi ya miezi ya sindano haiazimwi mara ya pili.

Mama ni leso. Hili ndilo vazi gumu kuliko yote kwa sababu limeandikwa.

Leso ina pindo, ina mji, na ina jina. Jina ndilo litakalokuinua au kukuangusha. Watu wataisimamisha video ili walisome, hilo usilitilie shaka. Mama anayemlilia mwanawe akivaa leso ya kijembe cha jirani, kisa kimegeuka. Ukimvalisha iliyoandikwa "Wema hauozi", umesema neno ambalo wimbo wako haukulazimika kulisema. Basi kabla ya kuchagua rangi, soma.

Kisha mfunge muigizaji leso hiyo, umwambie atembee hatua kumi na arudi. Angalia jina limeangukia wapi. Ikifungwa kiunoni kwa kawaida, mara nyingi jina hukaa nyuma. Maana yake ni kwamba litasomeka mama akiwa anaondoka, wala si anapokuja. Panga picha hiyo: kamera ibaki mlangoni, mama aelekee ndani, jina lipite polepole mbele ya lenzi. Ukitaka lisomeke kwa mbele, ajitande ya pili mabegani, na mmoja wenu alinyooshe jina kila mara kabla ya kurekodi.

Leso mpya utazipata Biashara Street. Kule kuna duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" bado inajulikana pwani nzima. Nenda hata kama hununui. Simama, tazama zilivyotundikwa, soma majina, piga picha ukiruhusiwa. Lakini kwa mama huyu mimi ningeomba leso ya nyumbani iliyofuliwa mpaka ikalainika. Mpya ina wanga, inasimama wima kama kadibodi, na inamfanya muigizaji aonekane ametoka dukani sasa hivi. Kisutu kiache, isipokuwa kisa kina harusi. Watu wengi hapa wakikiona wataanza kumtafuta bibi harusi.

Kama mama huyo ni wa zamani, wa enzi za nyanya zenu, buibui lake si abaya ya leo yenye vito mikononi. Ni lile la kizamani lenye ukaya. Uliza majumbani, masanduku ya Kuze yana mengi kuliko maduka. Na mwenye nalo atakufundisha namna ya kulivaa. Mwombe pia aje siku ya kurekodi akae kando, maana kulishika buibui lile mkononi huku unatembea ni ujuzi. Kijana wa leo akilivaa mara ya kwanza hulikanyaga.

Dada ana njia fupi: sare ya shule, dera na mtandio akiwa jikoni, na mwishoni koti jeupe la mwanafunzi wa uuguzi. Nguo tatu, miaka imepita, hakuna aliyesema neno. Sare ya shule halisi yenye beji usiitumie bila ruhusa ya mwalimu mkuu. Toa beji, au changanya sketi ya huku na shati la kule.

Usisahau miguu. Wanafunzi huvalisha juu wakasahau chini, halafu kamera inashuka kwenye ngazi na mzee wa miaka ya sitini amevaa raba za kukimbilia. Makubadhi au ndara za ngozi zinamaliza kazi. Saa za mkononi na simu mifukoni, zikusanye kabla ya kuanza.

Sasa kundi. Kosa kubwa ni kumwambia kila mtu aje na nguo nzuri. Watakuja wakiwa na rangi ishirini, na mwimbaji wako atapotea katikati. Wape sare. Pwani tunaijua kazi hii: harusi gani haina sare? Hata mwanzoni mwa karne iliyopita, vikundi vya beni vya Mombasa kama Kingi na Scotchi vilishindana kwa ngoma na kwa mavazi, vikiiga sare za majeshi ya Kizungu mpaka watu wakajua kundi lipi linapita kabla ya kusikia tarumbeta. Wanawake wa vikundi vya ngoma ya lelemama nao, Ibinaal Watan na Banu Saada, walishindana vivyo hivyo. Huhitaji gharama hiyo. Chagua kitu kimoja: mtandio wa rangi moja, au kikoi cha aina moja, au fulana nyeupe isiyo na maandishi. Ukichagua leso, huuzwa kwa pea, hivyo pea moja inavalisha watu wawili.

Kama mmoja atakuja na wazo la kuiga beni kwa magwanda ya jeshi, likatae. Sheria ya Kenya hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi wala za polisi, hata zile zinazofanana nazo, bila idhini. Ukikutana na askari halisi kwenye uchochoro wa Kuze, maelezo ya wimbo hayatakusaidia.

Rangi zijaribu mahali penyewe. Kuta nyingi za hapa ni nyeupe au za rangi ya chokaa iliyozeeka, kwa hiyo kanzu nyeupe mbele yake hupotea. Msogeze kijana kwenye mlango wa mbao nyeusi, ataonekana. Buibui jeusi nalo, ndani ya uchochoro wenye kivuli, huwa doa tupu lisilo na mikunjo. Mtoe mvaaji mpaka ukingoni mwa kivuli, mwanga umpige ubavuni. Nyeusi na nyeupe zikiwa pamoja kwenye jua la mchana, simu itakosa mojawapo. Ama uso wa mama uingie giza, ama kanzu ya mwana iungue. Mistari myembamba iliyosongamana pia iepuke, maana hucheza kwenye skrini. Kikoi chenye mistari mipana hakina tatizo.

Jaribio lenyewe ni la nusu saa. Nenda siku moja kabla, saa ileile mtakayorekodi, na nguo mkononi. Zishike ukutani, piga picha, tazama kwenye skrini kubwa. Saa nzuri ni kuanzia kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu, kisha alasiri kuanzia saa kumi. Katikati ya mchana jua la Mombasa linasimama utosini na kila mtu anatoka na kivuli chini ya macho. Isitoshe, adhuhuri ni wakati wa sala, na Mji wa Kale una misikiti kila kona. Ijumaa usipange kabisa.

Jasho lipange kama unavyopanga nguo. Kanzu za mhusika mkuu ziwe mbili zinazofanana, au awe na shati la ndani la kubadilisha. Poda nyeupe usimpake aliyevaa nyeusi. Wakati wa kusi upepo hupeperusha mitandio, kwa hiyo uwe na pini za kutosha, na zifungwe kwa ndani. Habari njema ni kwamba sauti hamrekodi hapo, wimbo unachezwa tu. Bangili na zilie zitakavyo.

Rekodi kwa nguo, si kwa mfuatano wa wimbo. Picha zote za kijana akiwa na kikoi zimalize kwanza, ziwe za ubeti wa kwanza au wa tatu. Ndipo abadilishe. Kila mhusika awe na mfuko wake, jina limeandikwa juu, na ndani orodha ya vilivyomo mpaka pini. Kabla ya kila onyesho mpige picha mbele, nyuma na ubavuni. Baada ya chakula mtandio haurudi ulivyokuwa, na ile picha ndiyo shahidi. Mpe kazi hii mtu mmoja asiyeigiza, mwenye jicho kali na asiyeogopa kusema "simameni". Ndani ya mfuko wake: sindano, uzi mweusi na mweupe, pini, kitambaa, chupa ya maji na pasi iliyoazimwa nyumba ya karibu.

Nyumba hiyo ya karibu itafuteni mapema, kwa sababu wasichana hawabadilishi nguo uchochoroni. Mwendee mama wa nyumba siku moja kabla, pamoja na mwalimu au mzazi mmoja. Salamu kwanza, habari za nyumbani, kisha ombi. Mueleze wimbo unahusu nini.

Kila msichana pia aulizwe kwa faragha, yeye na wazazi wake, atakubali kuonekana vipi. Video ikishapanda mtandaoni hairudi. Anayejisitiri usimwambie avue hijabu kwa sababu ya mhusika. Badilisha mtandio, ubadilishe mhusika akibidi. Na ninja na kilemba cha shehe visiwe vya kuchekesha. Utani wa namna hiyo mtaa hausahau, na mwaka ujao wenzenu hawatapewa hata kivuli cha kusimama.

Vibali ni kazi ya mwalimu, lakini mkumbushe. Kurekodi filamu Kenya kunahitaji leseni chini ya sheria ya filamu, Cap 222, na mkitaka kuingia Ngomeni, Fort Jesus iko mikononi mwa National Museums of Kenya. Waulize wiki kadhaa kabla. Wazee wa baraza mnaotaka waonekane nyuma waulizwe papo hapo, mmoja mmoja. Muuza kahawa akikubali kupita na dele lake, mnunulieni kahawa, na nguo zake msiziguse. Amevaa sawa kuliko nyinyi nyote.

Bajeti ikibana, kata kwenye kundi, usikate kwa mama. Mitumba ya Kongowea itakupa mashati na koti jeupe kwa bei ya soda chache. Leso, kanzu, buibui na kofia ni vya kuazima, na kila kimoja kiandikwe daftarini: cha nani, kimetoka na doa gani, kinarudi siku gani. Vifue, vipige pasi, virudishe kwa mkono wako mwenyewe, si kwa kumtuma mtoto. Mwonyeshe mwenye leso video kabla ya kuipandisha. Akisema jina halikusomeka, rudi uihariri tena.